Dirisha la Sindano

Malalamiko yenyewe yalichekesha, na Sajenti alicheka mpaka chai ikamwagikia jalada.

"Hebu rudia, mzee. Huyu dada amepotea kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hajasema neno kwa sura mbili," alisema fundi miwani. "Kila nikituma sura, yeye ndiye wa kwanza kuandika maoni. Wa kwanza, afande. Ijumaa kimya. Jana kimya."

"Labda hadithi imemchosha."

Fundi miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono iliyozoea vitu vidogo. Mchana alikata lenzi na kunyoosha fremu dukani kwake. Jioni, akishafunga, aliandika hadithi ya mfululizo kwenye simu na kuituma katika kundi la wasomaji mia nne na ushee, kila Jumanne na Ijumaa, bure, kwa mapenzi yake tu. Hayo alikuwa ameshayaeleza mara mbili, na mara zote mbili Sajenti aliandika mstari mmoja.

Inspekta alikuwa amesimama dirishani akisikiliza. Kituoni walimwita Kiroboto, naye alijua. Hakuna aliyewahi kumwona akikaa kitini dakika tano. Alihoji watu akitembea, alikula amesimama, na wiki hiyo, majalada matatu yakiwa yamekwama, hata viatu vyake vilikuwa vinamkera.

"Jina lake nani huyo dada?"

"Kundini anaitwa Sindano. Jina la kweli silijui."

Sajenti akaanza kucheka tena. Inspekta akamtupia jicho, naye akarudi kwenye jalada lake.

"Umempigia?"

"Inaita mara moja, inakatwa. Nikimtumia ujumbe, hauingii. Amenifungia."

"Basi mzima huyo," alisema Sajenti. "Maiti haimfungii mtu simu."

"Au simu iko mikononi mwa mtu mwingine," alisema Inspekta. Alikuwa ameshachukua kofia yake. "Twende dukani kwako, mzee. Nataka kuona unavyozungumza na hao watu wako."

*

Duka lilikuwa na upana wa milango miwili. Upande mmoja kulikuwa na kabati la fremu, upande wa pili ubao wa herufi za kupimia macho, na katikati kaunta ambapo mke wa fundi alikuwa anaandika risiti. Alipomwona Inspekta, aliweka kalamu chini.

"Nilimwambia asije kuwasumbua," alisema. "Lakini mume wangu, wasomaji wake ni kama ndugu zake wa damu. Mimi nikiumwa kichwa ananiambia nimeze dawa. Wao wakiumwa kichwa anawapigia."

Fundi miwani alitoa daftari kubwa chini ya kaunta. Inspekta alilifungua akiwa anatembea kutoka kabati hadi mlangoni na kurudi. Kila msomaji alikuwa na ukurasa wake: kazi yake, watoto wangapi, nani anauguza mama, nani aliachwa na mchumba mwezi wa tatu, nani hapendi wahusika wafe. Faili za kituoni hazikuwa na mpangilio kama ule.

"Na hii alama ya nyota?"

"Waliotimiza mwaka mmoja nami." Fundi alichangamka kidogo. "Hao nawapa zawadi. Naomba kitu chao kimoja, nakitia ndani ya hadithi. Yupo muuguzi nilimwekea viatu vyake. Yupo muuza mitumba nilimwekea mbwa wake mwenye mkia uliopinda. Wakikisoma wanafurahi, huwezi kuamini."

"Sindano alikupa nini?"

"Dirisha. Ni mshonaji. Nilimwuliza anaona nini akiwa anashona, akanitumia sauti ya dakika sita. Nikampa mhusika wangu, Dada wa Ghorofani, anayemkimbia mumewe. Alikubali mwenyewe. Alisema, tumia, ila jina langu usiliweke."

Inspekta alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kuna aliyegombana naye kundini?"

"Msumari," alijibu fundi bila kufikiri, na uso ukamkunjamana. "Huyo mtu ana ulimi! Kila sura anaiponda. Wiki mbili zilizopita Sindano alinitetea, wakarushiana maneno mpaka nikafunga kundi kwa saa nzima. Namba yake ninayo, lakini hapokei."

"Nipe."

Inspekta alipiga hapohapo. Simu iliita kwa muda mrefu. Mke wa fundi alikuwa anapanga risiti kwa bidii ya ajabu, risiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama," alisema Inspekta, "unamjua Msumari?"

Mwanamke akashusha pumzi. "Ni kaka yangu."

"Nani?" Fundi miwani alishika kaunta. "Shemeji? Shemeji yangu mimi? Anayekula kwangu kila Jumapili?"

"Alisema ukijua ni yeye hutamsikiliza. Na kweli humsikilizi. Alikwambia sura ya tisa ni ndefu, ukamnunia mwezi." Akamgeukia Inspekta. "Tangu Alhamisi kalazwa, kapasuliwa ngiri. Simu yake ya pili, ile asiyoijua mume wangu, ninayo mimi, ndani ya mkoba huu. Hana shida na mtu."

Simu ilikuwa inatikisika bila mlio ndani ya mkoba. Inspekta akakata. Nusu saa imekwenda na maji, na mahali pa mshukiwa amebaki na shemeji mwenye mshono.

"Nitumie sura zote zenye dirisha hilo," alisema. "Zote. Na usiguse kitu kundini mpaka nirudi."

*

Alizisoma akitembea. Zilikuwa sura tano, na kila moja ilikuwa na kipande chake. Ghorofa ya tatu. Chini kuna karakana ya ushonaji yenye mashine sita. Ngazi zimepakwa rangi ya kijani mpaka katikati, halafu rangi ikaisha. Mbele ya dirisha kuna tangi la maji la bluu lenye miguu mitatu ya chuma na mguu wa nne wa matofali. Kengele ya shule inasikika kwa nyuma, ya chuma cha reli, inayogongwa mara mbili mbili.

Fundi miwani alikuwa na jicho, hilo Inspekta alilikubali. Alimwuliza muuza vifungo wapi kuna karakana ya mashine sita. Alimwuliza mpita njia wapi kuna shule yenye kengele ya reli. Akakunja kona moja kimakosa, akarudi, akainua macho, na tangi la bluu likawa pale, likiegemea matofali yake.

Alitazama saa. Dakika thelathini na nane, kwa miguu, bila jina la mtu wala la mtaa. Kama yeye amefika, na mwingine amefika.

Mwenye karakana aliitwa Mama Pindo na kila mtu, hata na mteja aliyekuwa anamlipa wakati huo. Aliposikia neno polisi alizima mashine yake, na wenzake watano wakazima zao.

"Mimi simjui mtu huyo," alisema.

"Sijataja mtu."

Mama Pindo aliuma midomo. Inspekta akamsogelea, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama, kama ulimwahidi utanyamaza, ulifanya vizuri. Lakini namtafuta, na sidhani kama ninamtafuta peke yangu."

"Hauko peke yako." Mama Pindo alifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Ijumaa alfajiri alishuka na begi moja. Binti wa watu, hata kufunga kamba za viatu alishindwa, nikamfungia mimi. Nikamwuliza kulikoni, akasema, mama, dirisha langu limetangazwa. Sikumwelewa. Jumamosi akaja mwanamume."

"Akajitambulisha vipi?"

"Kaka yake, eti ana habari za msiba. Mpole, ana adabu, anamwamkia kila mtu shikamoo. Ila hakumwulizia kwa jina. Alisema, nimekuja kwa yule anayekaa kwenye dirisha la tangi. Mtu gani anamtafuta dada yake kwa dirisha? Nikamwambia kahama. Akapanda kuhakikisha, akashuka, akaniaga vizuri kabisa."

"Ni mumewe?"

"Ni yeye. Binti aliniambia hana kaka, ana mume tu. Alimvunja kidole hiki, cha kushikia kitambaa, ili asishone. Akamwambia mara nyingine atavunja kitu kisichoungika." Macho ya Mama Pindo yalijaa. "Akimpata atamuua, afande. Atamuua huku akimwita mke wangu."

Inspekta alipanda ngazi za kijani. Chumba kilikuwa tupu, kimefagiliwa. Nyuma ya mlango, sakafuni, kulikuwa na mikwaruzo miwili ya miguu ya kiti, pale mtu alipokuwa anakiegemeza kila siku. Kiti hicho nacho kilikuwemo katika moja ya zile sura tano.

Aliteremka mbio. Alikuwa na hasira, na hakujua hasira yenyewe imwelekee nani.

*

"Ulijua amemkimbia mumewe?" Inspekta aliuliza akiwa bado mlangoni mwa duka.

"Wallahi sikujua," alisema fundi miwani. Rangi ilikuwa imemtoka. "Nilidhani ni msomaji tu anayempenda mhusika wangu. Kiti cha mlangoni alinitajia kwa mzaha. Nikakiona kizuri."

"Nisomee maswali ya wasomaji. Ya mwezi mzima."

Alisoma, mkewe akimsaidia. Je, dada atampenda daktari? Mume atafungwa lini? Mbona humwonei huruma? Tunaomba waoane kabla ya sikukuu! Inspekta alikuwa anazunguka kati ya kaunta na kabati, akiyahesabu kwa vidole, mpaka alipoinua mkono.

"Hilo rudia."

"Mtulivu anauliza: Mwalimu, dirisha lake linatazama mashariki au magharibi?"

"Endelea. Nisomee ya Mtulivu peke yake."

Yalikuwa manne. Kengele hiyo inasikika kwa mbele au kwa nyuma? Kutoka barabara ya lami ni mwendo gani? Na la mwisho, la Alhamisi: ngazi ziko ndani ya jengo au nje?

"Watu mia nne wanauliza habari za moyo," alisema Inspekta. "Mmoja anauliza habari za ngazi. Hukushangaa?"

Fundi miwani aliinamisha kichwa. "Nilifurahi. Nahangaika na mandhari, afande, naandika na kufuta, na watu wanaruka aya hizo waende kwenye mapenzi. Huyu peke yake alizithamini. Niliona nimepata msomaji wa kweli."

"Ukamjibu."

"Yote manne. Mbele ya kundi zima."

"Na Sindano akayasoma majibu, akalijua dirisha lake, akamjua na mwulizaji. Ndiyo maana amekufungia." Inspekta alisimama mbele yake. "Mumewe alijua mkewe anapenda hadithi zako. Mke anaweza kukimbia nyumba, ndugu na kazi, lakini atabaki na hadithi yake ya Ijumaa. Kwa hiyo na yeye akajiunga, akakaa akisubiri."

Namba ya Mtulivu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja aliyekwishafariki. Sajenti alileta habari hiyo kwa simu, na safari hii hakucheka. Akiwa bado hewani, simu ya fundi ililia kauntani. Mkewe akaisoma kwa sauti:

"Mtulivu anaandika. Mwalimu, hongera kwa sura ya jana. Lakini dada hatumwoni tena dirishani. Amehamia wapi? Sura ijayo tuonyeshe makao mapya, unajua tunavyopenda mandhari."

Inspekta aliichukua simu, akausoma ujumbe mwenyewe, akairudisha.

"Hajampata," alisema Inspekta. "Sindano yeye, je? Simu yako inaonyesha nani wamesoma sura ya jana?"

Fundi alibonyeza, akateremsha majina kwa kidole. "Huyu hapa. Amesoma. Saa kumi na moja jana."

"Basi yuko hai na bado anakusoma, Mungu akusamehe. Kaa chini. Unaandika sura sasa hivi."

"Leo ni Jumatano."

"Watafurahi. Dada wa Ghorofani amepata chumba kipya. Nyuma ya kiwanda cha barafu, ghorofa ya pili, ngazi za nje za chuma. Kioo kimoja cha dirisha kimevunjika na kimezibwa kwa boksi la sabuni."

"Umepaona wapi?"

"Ni kwangu. Nina miezi minane sijakibadilisha."

Fundi miwani aliandika. Kila baada ya mistari mitatu alipamba, na kila alipopamba Inspekta alimfutia. Alitaka machweo, akanyimwa machweo. Alitaka machozi ya dada, akaruhusiwa chozi moja.

"Sasa tia hili," alisema Inspekta. "Dada anaegemeza kiti mlangoni kama kawaida. Lakini hajui kwamba bawaba za mlango huo ziko upande wa nje. Mwenye bisibisi anaweza kuung'oa bila kugusa kufuli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu akija mikono mitupu atasema amekuja kumsalimia mkewe, na kesho yake nitamfungulia mlango aende. Nataka aje na bisibisi."

Sura iliingia kundini saa nane mchana. Maoni yakamiminika, watu wakishangilia zawadi ya Jumatano. Mtulivu aliweka alama ya moyo tu.

*

Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, saa ambayo majirani wako makazini. Inspekta alikuwa amesimama ndani tangu saa kumi na mbili, nyuma ya kiti alichokiegemeza mwenyewe, na nyayo zilikuwa zinamwaka. Alisikia viatu kwenye ngazi za chuma, bila haraka. Alisikia mlango ukibishwa kwa adabu, mara tatu.

"Mke wangu," sauti ilisema. "Najua umo ndani. Usihangaike na hicho kiti."

Halafu skrubu ya kwanza ikaanza kulia.

Alimwacha atoe bawaba mbili nzima. Ya tatu ilipolegea aliondoa kiti, akauvuta mlango, nao ukaangukia ndani kwa kishindo. Mwanamume alibaki amesimama na bisibisi mkononi. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, amevaa shati jeupe, na alishusha macho kwa heshima alipoona sare. Sajenti alikuwa ameshapanda ngazi nyuma yake.

"Nimekuja kumwona mke wangu," alisema.

"Mkeo haishi hapa. Hajawahi kukanyaga hapa. Hapa nakaa mimi." Inspekta alichukua bisibisi. "Nani alikuambia yumo?"

Mwanamume alilitazama boksi la sabuni dirishani. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na mnyororo wa mita mbili na kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake.

Lakini mchana, juu ya jalada, ushahidi ulikuwa mwembamba. Mlango ulioharibiwa ulikuwa wa Inspekta, mnyororo si kosa, na mwanamume alikuwa ameshampigia wakili. Bila maelezo ya mkewe, bila kile kidole kuonekana na daktari, Jumamosi angekuwa nje, na safari hii angejua kwamba anasubiriwa, asinaswe tena kwa hadithi.

Fundi miwani aliandika kundini maneno machache, bila kupamba: Dada yangu, aliyekuwa anauliza madirisha yuko kituoni. Kosa ni langu. Namba ya Inspekta ni hii. Wakakaa ofisini wakiitazama simu, yaani fundi alikaa, Inspekta alizunguka meza. Kundini wasomaji walikuwa wanaulizana kama hiyo ni sehemu ya sura.

Saa kumi kasorobo simu iliita. Inspekta akaiweka wazi ili isikike.

"Kweli mnaye?" Sauti ya mwanamke, ndogo, yenye kukwaruza.

"Ninaye mpaka Jumamosi. Baada ya hapo sitaweza bila wewe. Sikuulizi uko wapi."

"Huyo mwandishi yupo hapo?"

Fundi miwani aliinuka kana kwamba ameitwa kortini. "Nipo, dada yangu. Nisamehe. Sijui hata nianzie wapi. Niambie nifanye nini, nitafanya. Hadithi nitaifuta yote."

"Mwezi uliopita nilikuuliza swali," alisema mwanamke. "Nilikuuliza kama yule dada atapona. Usiku ule nilikuwa nimelisikia jina la mume wangu sokoni, nikashindwa kulala. Ulinijibu nini?"

Fundi alifuta uso kwa kiganja. "Nilikujibu uwe na subira. Nilisema nikikuambia nitaharibu utamu."

"Yeye alikuuliza ngazi, ukamjibu kabla chakula changu cha mchana hakijapoa."

Fundi miwani alilia, bila kujificha. Inspekta hakumtazama. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma, na huruma ile haikumsaidia mtu.

"Inspekta," mwanamke alisema, "nitakuja. Nitasema yote, na kidole nitakionyesha. Nielekeze kituo kilipo. Ila usiniandikie. Niambie kwa mdomo, nipite wapi, nishukie wapi, nigonge mlango gani. Na yeye asisikie."

Inspekta akamwonyesha fundi miwani mlango. Alisubiri mpaka akatoka na kuufunga nyuma yake, akasubiri na nyayo zake ziishe ukumbini, ndipo akaanza kumwelekeza.